Pasta, Ulikuwa Unaongea na Nani?

Somo: Matendo ya Mitume 24:1–21



Jumatano iliyopita baada ya maombi, mama mmoja wa kanisa letu alinisubiri mlangoni. Yeye huuza omena na mrenda kando ya barabara. Jumapili alikuwa ametoa shilingi 1,200 kwa harambee ya paa. Hakuja na hasira. Alisema tu, "Pasta, yale ulihubiri, ulikuwa unaongea na nani? Kama ni mimi, nieleze vile itafanyika, kwa sababu hiyo ilikuwa pesa ya omena ya Jumatatu. Kama ni wale wageni, ungeniambia mapema."

Mliokuwepo mnakumbuka. Tulikuwa na wageni kutoka makao makuu na wanasiasa wawili, na mimi nikatangaza kwamba hakuna mtu aliyewahi kuitolea nyumba ya Mungu cha mwisho alichonacho akalala njaa. Makofi yalipigwa. Basi pale mlangoni nikaingiza mkono mfukoni nimrudishie pesa yake. Akakataa. "Sikuja kudai pesa, Pasta. Nimeuliza swali."

Swali hilo lilinirudisha kwa Tertulo, yule msemaji aliyeletwa na kuhani mkuu Anania kumshtaki Paulo mbele ya liwali Feliki. Watu wengi wanaisoma sura hiyo haraka haraka kufikia kesi. Mimi nawaomba msimame hapo mwanzoni. Tertulo anaanza kwa kumsifu Feliki kwa amani aliyoleta. Kisha mashtaka: Paulo ni mchochezi kati ya Wayahudi duniani kote, ni kiongozi wa madhehebu, alijaribu kulitia hekalu unajisi. Ushahidi? Hakuna hata mmoja anaouleta. Anamwambia Feliki amhoji mwenyewe ataona. Hotuba yote imeshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja anayeketi kitini, na liwali hakuna kitu anachokiogopa kama fujo.

Sasa mtu ataniambia, hata Paulo alianza kwa heshima. Ni kweli. Alisema anajitetea kwa moyo mkunjufu kwa sababu Feliki amekuwa mwamuzi wa taifa lile kwa miaka mingi. Kujua unaongea na nani si dhambi; ni adabu. Lakini angalia kinachofuata. Paulo anasema ni siku 12 tu tangu apande Yerusalemu, jambo ambalo Feliki anaweza kulichunguza. Anasema wale Wayahudi wa Asia waliomwona hekaluni ndio wangepaswa kuwa hapo kumshtaki, na hawapo. Anakiri waziwazi kwamba yeye ni mtu wa Njia ile, na kwamba anaamini ufufuo. Hayo anayasema washtaki wake wakiwa wamesimama hapo hapo, na wanaweza kumjibu. (Na bado hoja nzuri haikumfungua. Alikaa kifungoni miaka miwili mingine, Feliki akingoja hongo.)

Kule Athene ni vivyo hivyo. Kwenye sinagogi Paulo alianza na Maandiko. Areopago, mbele ya watu wasioyajua Maandiko, alianza na madhabahu yao wenyewe. Lakini ufufuo hakuuacha nyumbani, na ni huo huo uliowafanya wamcheke. Nadhani hapo ndipo unapoweza kumpima msemaji: je, kuna kitu chochote alichowaambia wasikilizaji wake ambacho alijua hawatakipenda?

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa, kwa hivyo mnivumilie na hesabu kidogo. Mnakumbuka ile mipango ya upatu ya 2006 na 2007. DECI ndiyo ilivuma zaidi, na wengi waliotia pesa walikuwa watu wa makanisa. Mama yangu mdogo alitia pesa ya ng'ombe katika mpango mmoja, jina naliacha. Nilikuwa shule ya upili, nikamsindikiza mkutanoni. Msemaji alizungumza vizuri sana, kwa lugha yetu ya mbegu na mavuno. Mzee mmoja akauliza faida inatoka wapi. Akaambiwa ni roho ya mashaka. Tukasema amina.

Jibu la yule mzee lingeandikwa kwenye kiganja cha mkono. Pesa ya aliyetangulia ilitoka kwa aliyekuja nyuma. Chukua mpango ambapo kila mtu lazima alete watano. Watano, 25, 125, 625, endelea hivyo. Hatua ya tisa peke yake inahitaji watu 1,953,125, na kaunti yetu yote ya Kakamega, pamoja na watoto wachanga, ilihesabiwa watu 1,867,579 mwaka wa 2019. Hatua ya 11 imemaliza Kenya nzima. Yule msemaji asingethubutu kusema habari ya mbegu na mavuno mbele ya mhasibu. Alitafuta watu ambao imani yao ingewazuia kuuliza, na akatupata.

Wapendwa, siandiki haya kama mchezo. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa kwenye msitu wa Shakahola, Kilifi. Nani ana hatia, hilo ni la mahakama. Mimi kama mhubiri ninachoogopa ni kitu kimoja: watu walihamia msituni, mahali ambapo hapakuwa na jirani, mwalimu wala daktari wa kusema, "Hapana, subiri kidogo."

Na mimi je? Nimeisikiliza rekodi ya mahubiri yangu mara mbili, daftari mkononi. Sentensi ile ya kulala njaa haina ushahidi wowote, na mimi mwenyewe najua watu waliotoa wakalala njaa. Nisingeisema nikiwa nimeketi jikoni kwa yule mama. Niliisema kwa sababu wageni walikuwa mstari wa mbele na nilitaka waone naweza kuchangisha. Niliongea na wao kupitia kwake, na yeye ndiye akalipa.

Watu wa Beroya walimchunguza Paulo kila siku kuona kama mambo ni hivyo, na wakaitwa waungwana. Nimemwomba mchungaji wetu mkuu dakika 15 kila Jumatano za kuulizwa maswali juu ya mahubiri ya Jumapili, nikianza na yangu. Amekubali. Mama wa omena amesema atakuja, na kwamba swali lake la kwanza bado sijalijibu.