Foleni ya mchana huanzia jikoni asubuhi

Mwanangu, keti kwanza. Uji upo mezani, na simu yako inaweza kungoja.

Nimesikia yaliyowapata Dar es Salaam. Sikukuu ya Krismasi mliwapeleka watoto bustani ya michezo, na saa saba mchana mkajipanga foleni ya chipsi kuku, juani, hata mti hakuna. Saa nzima ikapita. Mdogo akalia, mkubwa akataka kutapika, wewe ukagombana na mtu aliyewaingiza rafiki zake wanne mbele yenu. Mwisho mkaondoka na njaa yenu. Umenisimulia huku unacheka, lakini hasira nimeiona bado ipo. Sikulaumu. Mimi nimesimama sana kwenye foleni za chakula, na nimekaa pande zote mbili za meza. Nisikilize kidogo, sitakuchelewesha.

Foleni ile mlishindwa asubuhi, mwanangu, kabla hamjatoka nyumbani. Watoto walikunywa chai na kipande cha mkate saa moja, kwa sababu kila mtu alikuwa na haraka ya kwenda kubembea. Chupa za maji mlizisahau. Kofia mlizisahau. Mkaingia foleni saa ile ile ambayo kila mzazi mwingine naye amekumbuka njaa. Mtu akifika mlangoni pa foleni akiwa na njaa, na kiu, na usingizi wa safari, hiyo foleni hata ikiwa na watu kumi ataiona ndefu.

Najua kwa sababu nami nilikuwa hivyo. Wakati wa uhaba, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nilikuwa mama kijana na dada yako mkubwa alikuwa bado ananyonya. Hapa Kasulu chumvi tuliipata, maana Uvinza si mbali. Sukari na sabuni ndivyo vilivyotutesa. Habari ikivuma kwamba gari limeshusha sukari duka la ushirika, watu waliacha majembe shambani. Alfajiri ungekuta mawe, vikapu na ndala zimepangwa mlangoni, kila jiwe na mwenyewe. Mimi sikuyaamini mawe. Nilisimama kwa miguu yangu, mtoto mgongoni, tangu kunapambazuka hadi saa sita. Sikunywa kitu. Niliogopa kwamba nikienda kivulini kumnyonyesha, nafasi itapotea.

Mtoto akalegea. Mama mmoja nyuma yangu, wala simjui, akalowesha kanga yake kwenye ndoo ya jirani, akamfunika kichwa. Akaniambia, "Nenda pale chini ya mti. Nafasi yako naishika mimi." Nikakaa, nikanyonyesha, nikarudi, nikaikuta nafasi yangu. Kumbe ningeweza kumwomba tangu asubuhi. Nilisimama naye saa tano bila kumsalimu.

Kwa hiyo ukifika kwenye foleni, salimia. Uliza nani wa mwisho, kisha mwambie huyo wa mwisho kwamba upo nyuma yake. Akija mtu nyuma yako, msalimie naye. Hapo tayari una mashahidi wawili. Unaweza kumpeleka mtoto chooni, unaweza kwenda kutafuta maji, na ukirudi hakuna atakayekukana. Vijana wa leo mnasimama kila mmoja ameinamia simu yake, halafu mnashangaa anayepenya hakemewi na mtu. Nani amkemee, wakati hakuna anayejua nani alikuwa wapi? Na hii haki ya kushikiwa nafasi ni ya mtu mmoja. Usiitumie kuwaingiza binamu zako.

Sasa jua. Jua la huku kwetu lina ujanja wake. Kasulu na Kibondo ziko juu, upepo unapita, ngozi inahisi baridi kidogo, na mtu anasema leo hakuna joto. Jioni kichwa kinampasuka. Septemba, kabla mvua hazijaanza, nimeona wanaume wenye nguvu wanaanguka kwenye foleni huku shati limekauka, kwa sababu upepo ulikausha jasho na hawakujua wamepoteza maji kiasi gani. Dar ni kinyume chake: jasho halikauki, hewa imejaa unyevu, na mwili unashindwa kupoa. Njia ni tofauti, madhara ni yale yale. Kunywa maji kabla ya kiu, kidogo kidogo. Soda si maji. Funika kichwa, na kanga iliyoloweshwa inashinda kofia ya bei. Mtoto akisema miguu inakaza au kichwa kinazunguka, mtoe juani papo hapo. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au ngozi ikiwa ya moto sana, huyo si wa kivuli tu. Mmwagieni maji, mpepeeni, na mtafuteni daktari haraka. Kama mtoto ametapika au ameharisha, kumbuka ile dawa ya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Nilikufundisha ukiwa darasa la tatu, na najua umeisahau.

Upande wa pili wa meza niliujua mwaka 2015. Mwaka ule Burundi ilipochafuka, watu walikimbilia kijiji cha Kagunga, pale Ziwa Tanganyika na mlima vinapokaribia kugusana. Maelfu kwa maelfu walilala ufukweni wakingoja meli. MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, haikuweza kufika nchi kavu. Watu walipelekwa kwake kwa mitumbwi, wakashushwa Kigoma, wakakaa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawaleta kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kipindupindu kilikuwa kimeshawaingia huko njiani. Nyarugusu yenyewe ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na ilikuwa na watu 60,000 na ushei. Mwaka 2015 haujaisha, ikawa imevuka 150,000. Nami nikachukuliwa kibarua cha kupakua chakula kilichopikwa kwa wale wageni wa kwanza, ambao hawakuwa na sufuria wala kuni.

Nilidhani kupakua ni kazi ya mkono. Ni kazi ya macho. Unainua kichwa, unaona nyuso mpaka pale njia inapopinda, na zote zinakutazama wewe. Siku za mwanzo nilifanya kosa ambalo kila mpakuaji mgeni hulifanya: niliwahudumia haraka waliopiga kelele, ili wanyamaze. Hawakunyamaza. Wengine wakajifunza kwamba kelele inalipa. Na kwa haraka ile nilijaza miiko ya mwanzo kupita kiasi, basi waliokuwa nyuma, ambao walikuwa wametulia kimya tangu asubuhi, wakakuta maharage yamebaki mchuzi. Mzee mmoja alitazama sahani yake, akanitazama mimi, akasema asante. Heri angenitukana.

Tulitulia baada ya wiki kadhaa. Tuliwatenga wazee, wajawazito na walemavu kwenye mstari wao. Tukawa tunatangaza kwa kipaza sauti: sasa zamu ya hawa, wale wengine wakae kivulini kwanza. Tukisema chakula kimechelewa kwa sababu kuni zimelowa, watu walielewa. Tukinyamaza, walianza kusema tumekiuza. Chakula kilikuwa kile kile na jua lile lile, lakini foleni ilibadilika kwa sababu watu walijua wanangoja nini na kwa muda gani. Kusukumana kumbe hakuleti chakula mapema. Ni kama kufunua sufuria ya maharage kila dakika, moto unakwenda bure na maharage yanabaki magumu.

Mjukuu wangu mmoja alinisomea jambo la Marekani ambalo lilinichekesha. Bustani yao ile maarufu ya Disneyland, kule Anaheim, California, ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Siku hiyo joto lilikaribia nyuzi 38. Mafundi bomba walikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo mabomba mengi ya maji ya kunywa hayakutoa kitu. Watu wakaja wengi mno, baadhi na tiketi za kughushi. Lami ilikuwa mbichi, visigino vya viatu vya akina mama vikawa vinazama ndani yake. Migahawa ikaishiwa chakula na vinywaji. Matajiri wa dunia, mwanangu, na siku yao ya kwanza waliishiwa maji ya kunywa! Baadaye walijifunza. Foleni wakaziwekea paa, wakazikunjakunja zipite mahali penye kitu cha kutazama, wakabandika vibao vya kusema utangoja dakika ngapi. Siku hizi mtu anaagiza chakula kwa simu, anakwenda kukichukua tu. Kumbe yale tuliyoyagundua Nyarugusu na kipaza sauti kibovu, wao waliyagundua kwa fedha nyingi.

Bustani yenu ya Dar labda haijafika huko. Basi fanya mwenyewe kazi ya hicho kibao. Kabla hujajipanga, tazama dirishani dakika mbili. Hesabu wanahudumiwa wangapi, kisha hesabu vichwa vilivyo mbele yako. Utajua ni dakika ishirini au ni saa nzima. Ukijua, amua. Mtu mzima mmoja abaki kwenye mstari, watoto wakae kivulini na yule mwingine. Kwa nini watu sita wasimame juani kwa ajili ya sahani sita? Mkubaliane mapema mnakula nini, usifike dirishani ndipo uanze kuwauliza watoto. Hela iwe mkononi, iliyochenjiwa. Na yule kijana wa dirishani usimfokee. Yuko mbele ya mafuta ya moto tangu saa tatu, na mara nyingi yeye hula wa mwisho. Mimi nilipakulia mamia, nikirudi nyumbani usiku nilikuwa sijatia kitu mdomoni.

Halafu uende kabla ya wenzako. Saa tano na nusu, au uvute hadi saa tisa. Lakini ili uvute hadi saa tisa inabidi mtoto awe na kitu tumboni, ndiyo maana nasema foleni huanzia jikoni. Mihogo ya kuchemsha asubuhi. Ndizi mbivu kwenye mfuko. Karanga. Dada yangu aliyeolewa Kibondo alikuwa hatoki nyumbani bila karanga za kuchemsha kwenye pindo la kitenge. Tulimcheka sana tulipokuwa wasichana. Kambi ya wakimbizi ya Nduta, huko huko Kibondo, ilipofunguliwa tena Oktoba 2015, mvua ndizo zinaanza na njia zote matope, karanga zile ziliwanyamazisha watoto wengi wasio wake.

Watu watakuambia mvumilivu hula mbivu. Nami nimewaambia watoto wangu wote hivyo, ila siku hizi naongeza kitu. Kuna foleni ambayo mtu hawezi kuiacha. Mama wa kambini Nyarugusu, akitoka kwenye mstari wa mgawo, wanawe hawali. Machi 2023 fedha za wafadhili zilipopungua, mgawo ulishushwa hadi asilimia 65 ya kiwango, na Juni ukawa nusu. Foleni haikupungua hata mtu mmoja. Walisimama muda ule ule kwa nusu ya unga na nusu ya maharage, na wengine walitembea kurudi majumbani giza limeshaingia. Uvumilivu ule mimi siwezi kuufundisha, niliutazama tu.

Foleni yako wewe ina mlango wa kutokea, na hutaki kuutumia kwa sababu umeshasimama nusu saa na unaona uchungu kuipoteza. Hiyo nusu saa imekwenda, mwanangu, upate chipsi usipate. Nilisimama hivyo hivyo siku ya sukari, nikisema nimeshangoja sana siwezi kuondoka sasa, na sukari ikaishia kwa mtu wa nne mbele yangu. Kama mtoto anataka kutapika, toka. Kama umeanza kumchukia mtu usiyemjua, toka. Nje ya geti la mahali penye watu wengi hakukosi mama lishe, na wali maharage wake unaufikia kwa dakika tano, tena umekaa kwenye benchi. Ila muulize kwanza mlinzi kama wanaruhusu kurudi ndani kwa tiketi ile ile. Na muulize kabla hujavuka geti.