Gari Lenye Ila na Amana ya Mwenye Kuuza

Katika biashara zilizoenea mno katika miji yetu ni biashara ya magari yaliyokwisha tumika. Mengi ya magari hayo hutoka Japani na hushushwa katika bandari ya Mombasa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na tena hukaguliwa huko huko litokako kabla ya kupakiwa melini. Lakini ukaguzi ule ni ushahidi wa siku ile tu. Gari likishafika huuzwa, likatumika, likauzwa tena, likapita katika mikono mitatu au minne. Na yaliyolipata katika mikono hiyo hayajui ila waliokuwa nalo.

Apitaye barabara ya Ngong mjini Nairobi huziona yadi za magari, yamepangwa yakimetameta. Kusini ya barabara hiyo iko Kibera, mtaa ulioanzishwa na askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la Mwingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na ambao mpaka leo una misikiti na madrasa zake. Mbele zaidi, upande wa pili, iko Kawangware. Watu wa mitaa hii wengi wao si matajiri. Mmoja wao anunuapo gari, mara nyingi hulinunua kwa akiba ya miaka na mkopo wa chama, ili alifanye teksi au apakie mboga na bidhaa za duka. Gari kwake si pambo, bali ni jembe lake.

Basi tuseme mmoja katika hao amelipa fedha zake, akalichukua gari akaenda nalo. Baada ya juma moja gia zikaanza kugoma. Akalipeleka kwa fundi, naye alipolifungua akamwambia: injini imetiwa oili nzito ili kuzima mlio na kupunguza moshi, bodi imejazwa puti na kupakwa rangi ili kuficha ajali, na saa ya kilomita iliyo mbele ya dereva imerudishwa nyuma. Mtu yule akarudi kwa muuzaji, akajibiwa: "Nilikuuzia kama lilivyo. Ulilitazama kwa macho yako ukaridhika." Alipotoka hapo akiwa na huzuni, rafiki yake akamnong'oneza: "Kwani shida iko wapi? Nawe lipake rangi, umtafutie mwingine."

Hapa pana masuala mawili. La kwanza: Je, neno hili "kama lilivyo" lamtoa muuzaji katika dhima? La pili: Je, aliyeghushiwa ana ruhusa ya kuipitisha ghushi ile kwa mwenziwe? Twaona la pili ndilo zito zaidi, kwani ndilo limgeuzalo mdhulumiwa akawa dhalimu.

Tuanze na la kwanza. Imepokewa katika hadithi iliyo mashuhuri kwamba Mtume s.a.w. alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani akakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema kuwa ni mvua. Akamwuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu wakaiona, kisha akaeleza kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Tutazame vizuri: yule hakusema uwongo kwa ulimi. Alinyamaza tu, akaacha kikavu kiseme badala yake. Rangi mpya juu ya bodi lililopondeka hufanya kazi ile ile.

Na imepokewa tena kuwa alikataza kuacha kumkama mnyama siku za kabla ya kuuzwa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi; na mwenye kumnunua mnyama wa namna hiyo akapewa hiari ya kubaki naye au kumrudisha. Sijui mfano ulio karibu zaidi kuliko huu na saa ya kilomita iliyorudishwa nyuma. Kiwele kilichojazwa kwa hila na tarakimu zilizopunguzwa kwa hila ni kitu kimoja: vyote viwili ni kumfanya mnunuzi aone kisichokuwapo.

Ama neno "kama lilivyo", si neno jipya. Imam Malik ameeleza katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar alimuuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti la kutokuwa na dhima ya ila. Mnunuzi akadai kuwa mtumwa ana maradhi ambayo hakutajiwa, wakaenda kwa Sayyidna Uthman. Naye hakumwuliza mnunuzi kwa nini hakutazama vizuri, bali alihukumu kwamba Ibn Umar aape kuwa alimuuza bila ya kujua ila ile. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa wake, na baadaye akamuuza kwa dirham 1,500. Hukumu hii yatuonyesha kwamba sharti lile halimkingi mtu na jambo alilolijua akalificha. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wakalibana zaidi: kauli yenye nguvu kwao ni kuwa sharti hilo humtoa muuzaji katika dhima ya ila ya ndani ya mnyama asiyoijua, wala si zaidi ya hapo.

Huenda muuzaji akasema: "Nikitaja kila kasoro, bei itashuka nami nipate hasara." Jawabu yake ni nyepesi. Ile fedha itakayopungua kwa kutajwa ila haikuwa yake tangu mwanzo, kwani ni thamani ya kitu ambacho gari halinacho. Mtu hahesabiwi kupata hasara kwa kukosa mali ya mwenziwe. Na kama kweli hajui hali ya gari, basi na aseme kuwa hajui. Hilo nalo ni taarifa, na mnunuzi atajua ajitafutie fundi.

Wala madhara hayaishii kwa wawili hao. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala juu ya soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Alibainisha kuwa mnunuzi akiwa hawezi kupambanua zima na bovu, hutoa bei ya kati na kati. Mwenye gari zuri huiona bei hiyo ni ndogo, akaliondoa gari lake sokoni. Yakabaki mabovu, bei ikazidi kushuka, na wema wakazidi kutoka. Kwa hivyo mwenye kuficha humwibia mnunuzi wake, na humwibia pia muuzaji mkweli wa yadi ya jirani ambaye haaminiwi tena.

Sasa tuje katika suala la pili. Rafiki anayenong'oneza hutoa hoja ifananayo na haki: "Fedha yako imeliwa, mkopo wakungoja, na watoto wataka karo, nawe okoa chako." Huruma yetu kwa mtu huyu ni kubwa, lakini hoja yenyewe haisimami. Haki yake iko juu ya yule aliyemuuzia, haiko juu ya mtu wa tatu ambaye hata hajaonana naye. Mwenye kuwiwa na Ali hamdai Omar kwa kuwa Omar ni rahisi kupatikana. Na huyo atakayeuziwa atakuwa nani? Hatakuwa tajiri mwenye fundi wake, bali ni mnyonge mwingine wa Kibera au Kawangware mwenye mkopo na watoto kama yeye. Dhulma iliyoanzia kwa mwenye nguvu huteremka hivyo kutoka kwa mnyonge mmoja hadi mwingine, na kila mmoja hujiona hana kosa kwa kuwa naye alitendewa.

Tena gari si kitambaa chenye tundu. Breki zisiposhika, atakayeumia aweza kuwa abiria, au mtoto avukaye njia kwenda chuoni, ambaye hakuuza wala hakununua. Ikiwa mnunuzi aweza kusema "niliridhika", mtoto huyo hakuridhika na lolote.

Yuko na mtu mwingine ambaye hatajwi sana: fundi na dalali wanaojua wakanyamaza ili wasimharibie mtu biashara. Imam Ghazali ametaja katika Ihya kisa cha sahaba Wathila bin al-Asqa, aliyemwona mtu akiuza ngamia kwa dirham 300. Mnunuzi alipokwisha kwenda, Wathila alimkimbilia akamwuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Alipojibiwa kuwa ni kwa kupanda, akamwambia kuwa ukwato wake una tundu. Mnunuzi akarudi, akapunguziwa dirham 100. Muuzaji akalalamika kuwa ameharibiwa biashara yake, naye akamjibu kuwa walikwisha mbai Mtume s.a.w. juu ya kumnasihi kila Mwislamu. Wathila hakuwa na faida katika biashara ile, lakini alikuwa na ujuzi, na ujuzi ulimfunga.

Basi afanyeje aliyepatikana na gari bovu? Kwanza, aache kulitumia mara aijuapo ila. Wanavyuoni wa Shafi wamesema hiari ya kurudisha ni ya papo hapo: akijua akiwa katika sala au chakula na amalize, akijua usiku na angoje asubuhi, lakini akiendelea kulitumia haki yake ya kurudisha huanguka. Wametaja hata mwenye kuacha tandiko juu ya mgongo wa mnyama. Na ila nyingine ikizuka mikononi mwake, hawezi tena kumlazimisha muuzaji kulipokea gari, lakini ana haki ya fidia ya ila ya kwanza wasipopatana vingine.

Pili, amkabili muuzaji kwa maandishi na ushahidi wa fundi, si kwa matusi. Mali bila daftari huisha bila habari. Tatu, wakishindwa kusuluhiana, aende mahakamani. Shauri hili si la Kadhi, kwani Katiba ya 2010 imempa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 46, imempa kila mnunuzi haki ya bidhaa ya ubora unaofaa, ya kupewa habari zipasazo, na ya kulipwa fidia. Iko pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, sheria yaitaka ikate shauri katika siku 60, na mdai aweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

Na yote yakishindikana, akalazimika kuliuza, na aliuze huku akiitaja ila yake wazi, kwa fundi ajuaye kulitengeneza au kwa mwenye kuhitaji vipande vyake. Atapata kidogo. Lakini hasara hiyo ndiyo ukingo ambao dhulma imefika ikasimama; na aliyeisimamisha kwa fedha yake mwenyewe amewakinga watu asiowajua. Mwenye kuuona uzito wa jambo hilo hataiita biashara mbovu. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.