Upande wa Kinywa na Kinyume Chake

Mwanadamu hutembea wima, na kwa sababu hiyo hudhani kuwa dunia nzima imesimama pamoja naye. Kichwa chake kiko juu, basi juu pakawa mahali pa heshima. Uso wake hutazama mbele, basi nyuma pakawa mahali pa aibu. Hata mikono haikusalimika: katika Kiswahili mmoja uliitwa wa kuume na wa pili wa kike, na ule wa kuume ukafanywa bora. Swali ni hili: je, ni haki kukipima kiumbe kwa mwili usiokuwa wake?

Kiti cha pweza ni shahidi mwema wa jambo hili. Aghalabu ana mikono mitano iliyotoka katikati kama miali ya nyota. Hana uso wala kisogo, na mkono wowote waweza kumwongoza njia. Jina lake la Kiswahili humfanya kiti, kana kwamba aliumbwa ili pweza apate pa kuketi. Waingereza humwita samaki, na samaki siye.

Wataalamu nao walitatizika. Mwenye kutafuta tumbo na mgongo hudhani kuwa tumbo liko chini na mgongo uko juu. Walakini kiti cha pweza hukielekeza kinywa chake chini, kwenye mwamba. Jamaa yake, yungiyungi la bahari, hukielekeza juu. Jamaa yake mwingine, jongoo wa pwani, hulala ubavu, kinywa kikawa ncha moja ya mwili. Kwa kipimo cha juu na chini, kiungo kimoja kingekuwa cha tumbo kwa huyu na cha mgongo kwa yule, na undugu wao ungepotea.

Kwa hiyo elimu ya wanyama ilichagua maneno mengine: upande wa kinywa, au orali, na upande wa kinyume cha kinywa, au aborali. Maneno haya hayaulizi mnyama amelala vipi, wala mtazamaji amesimama wapi. Huuliza kinywa kiko wapi. Mnyama akipinduliwa na wimbi jina halipinduki, kwa kuwa limeshikana na mwenyewe.

Hata hivyo haki hiyo haijatimia. Upande wa pili umeitwa kwa kitu usichokuwa nacho, ilhali una vyake. Katika kiti cha pweza ndiko kiliko kibamba chenye vitundu vidogo, kinachounganisha mirija ya maji ya mwilini na bahari. Ndivyo wanavyotendewa watu pia. Mzee huitwa asiyesoma, na ujuzi wake wa pepo, nyota na maji kupwa na maji kujaa hautajwi. Taifa huitwa lililobaki nyuma, na hapana aulizaye uso wa nani umefanywa mbele.

Tena mnyama huyu ana siri mbili za kumfundisha mwenye haraka ya kuhukumu. Kiluwiluwi wake ana kulia na kushoto kama mtu. Lakini mwili wa utu uzima huchipuka ubavuni mwake mwa kushoto, na ubavu huo ndio unaokuwa upande wa kinywa. Ule uitwao wa kike ndio unaomlisha. Kadhalika, uchunguzi uliotolewa katika jarida la Nature mwaka 2023 ulionyesha kuwa jeni ambazo kwa wanyama wengine hupanga kichwa zinafanya kazi karibu katika ngozi yake yote, na zile za kiwiliwili ni kama hazionekani humo. Aliyedhaniwa hana kichwa, karibu wote ni kichwa.

Hapana kusema bila majina, na hapana jina lisilopunguza kitu. Lakini jina lililotolewa baada ya kumchunguza mwenyewe hupunguza kidogo kuliko lililotolewa kwa kujitazama. Mwenye insafu hulitumia, na huwa tayari kulibadili kiumbe kikionyesha kuwa halikutosha.