Mpaka wa Nyumba na Shule

Mtu akifaulu, wenye kudai sehemu ya sifa yake huwa wengi. Akishindwa, kila mmoja humwelekezea mwenzake kidole. Mwanafunzi apatapo alama nzuri, mzazi husema, "Huyu ni damu yangu," na mwalimu husema, "Huyu nimemfunza mimi." Aangukapo, mzazi huuliza walimu wanalipwa kwa kazi gani, na walimu huuliza kama mtoto huyu ana wazazi. Ningependa, msomaji wangu, tufikiri pamoja juu ya swali ambalo ugomvi huu hulifunika. Mafanikio ya mwanafunzi ni wajibu wa nani? Na kama ni wajibu wa watu zaidi ya mmoja, je, yatosha kila mmoja kutimiza sehemu yake peke yake, au yapo mambo ambayo hayatimizwi ila kwa kukutana?

Mimi ni mwalimu katika Kaunti ya Busia, na mfano wangu nautoa katika kitu ambacho wanafunzi wangu hukiona kila siku, nacho ni mpaka. Miji ya Busia na Malaba imekaa juu ya mstari utengao Kenya na Uganda. Mwaka 1902 serikali ya Waingereza ililitoa jimbo la mashariki la Uganda ikalitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na Wateso na Wasamia wakawa jamaa wa nchi mbili bila ya kuhama nyumba zao. Mpaka uliwekwa, lakini ndugu hawakuacha kutembeleana, wala mizigo haikuacha kupita.

Zamani dereva wa lori aliyetoka Mombasa kwenda Kampala alisimama hapa mara mbili. Alikaguliwa upande wa Kenya, kisha akakaguliwa tena upande wa Uganda kwa karatasi zile zile na maswali yale yale. Maafisa wa kila upande walitimiza kazi yao, lakini hawakukaa pamoja. Na katika nafasi iliyokuwa kati yao mlizaliwa ucheleweshaji, hasara na hila. Siku hizi utaratibu ni mwingine. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilifunguliwa rasmi mwezi wa Februari mwaka 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni. Kwa utaratibu wa kituo cha namna hii, aendaye Uganda husimama mara moja tu, ng'ambo, ambako huwakuta maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Kenya haikupoteza mamlaka yake, wala Uganda haikupoteza yake. Lililobadilika ni kwamba wale waliokuwa mbali sasa wamekaribiana.

Nyumba na shule ni nchi mbili jirani. Kila moja ina sheria zake, wakubwa wake na lugha yake. Kila asubuhi mwanafunzi huuvuka mpaka huo, na kila jioni huuvuka tena. Upande mmoja huitwa mtoto na upande wa pili huitwa mwanafunzi, lakini mwili ni mmoja na moyo ni mmoja. Atokaye nyumbani na njaa haiachi njaa yake langoni mwa shule. Na atokaye darasani na fedheha haiachi fedheha yake njiani. Mzazi na mwalimu wamegawana mtu ambaye hagawanyiki.

Nilijifunza maneno haya chuoni, nilipokuwa nikisomea ualimu, nikayaandika katika daftari yangu kwa mwandiko mzuri. Maana yake sikuijua mpaka nilipofanya kosa ambalo sasa nitakusimulia.

Palikuwa na mvulana katika kidato cha pili ambaye alichelewa shuleni siku mbili au tatu za kila juma. Nilimwuliza sababu, akanyamaza. Nilimwonya, akaitikia kwa adabu, na juma lililofuata akachelewa tena. Basi nikamwadhibu kwa kumfyekesha nyasi katika saa ya kwanza ya masomo. Saa hiyo ilikuwa ya hesabu. Kadiri alivyochelewa ndivyo alivyofyeka, na kadiri alivyofyeka ndivyo hesabu zilivyomshinda. Niliandika barua tatu kumwita mzazi wake, mzazi hakuja. Nikaamua moyoni kwamba mtoto ni mvivu na mzazi hajali.

Siku ya kufunga shule mama yake alifika, akiwa na ripoti mkononi na hasira usoni. "Mwalimu," akasema, "mwanangu alikuja kwenu akiwa hodari wa hesabu. Mmemfanya nini?"

"Mama," nikamjibu, "nimekuandikia barua tatu, nawe hukuja."

"Barua? Mimi sikuona barua hata moja."

Sote wawili tukamtazama mvulana. Naye, baada ya kimya kirefu, alisema ukweli. Mama yake alipika chai na maandazi akawauzia madereva waliolala katika foleni ya malori ya Malaba. Mteja wa namna hiyo ni wa alfajiri, kwani foleni ikisogea huenda zake. Mvulana alibeba birika na beseni kabla ya mapambazuko, akarudi kukusanya vikombe, kisha akakimbia shuleni. Mama alimwamini alipomwambia kuwa hachelewi. Barua alizificha kwa sababu alijua kwamba mama, akisikia habari ya adhabu, atamwachisha kazi ile na kuubeba mzigo mwenyewe, naye alikuwa na maumivu ya mgongo.

Fikiri, msomaji, juu ya watu watatu hawa. Mama alijitaabisha alfajiri ili apate karo. Huo ni wema. Mwalimu alitaka mwanafunzi ashike wakati; huo nao ni wema. Mtoto alificha barua ili kumwepusha mama yake na maumivu. Hata huo, ingawa umevaa nguo ya uongo, una wema ndani yake. Wema watatu ulikutana juu ya kichwa cha mtoto mmoja, ukamwangusha. Hapakuwa na mtu mbaya katika kisa hiki. Palikuwa na watu wema wasiojuana. Tangu siku hiyo naamini kwamba nia njema haitoshi; kumjua yule unayemtendea wema, na kuwajua wengine wanaomtendea, ni sehemu ya wema wenyewe. Mimi niliyemhukumu mama nisiyepata kumwona nilikuwa na kosa kubwa kuliko la mtoto, kwa kuwa nilikuwa na miguu ya kunifikisha kwake, nikatuma karatasi.

Tulikaa chini ya mti nusu saa. Mama akapata jirani wa kumsaidia alfajiri kwa malipo kidogo, na mvulana akachukua kazi ya jioni badala yake. Nami nikaahidi kumrudishia saa za hesabu nilizomnyang'anya. Siwezi kukuambia kwamba alikuwa wa kwanza katika darasa lake, kwa maana hakuwa. Alipanda kutoka mkiani hadi katikati. Lakini hakuchelewa tena, wala mama yake hakunitazama tena kama adui.

Waweza kusema kwamba kisa cha mtoto mmoja si ushahidi. Basi nitakupa kisa kikubwa zaidi, kilichotokea katika nchi hii hii ya mpakani. Mwaka 2001 na mwaka 2002 shirika moja la hisani la Kiholanzi liliweka zawadi ya masomo kwa wasichana wa darasa la sita katika shule za msingi za Busia na Teso, ambazo wakati huo zilikuwa wilaya mbili. Wasichana waliotangulia katika mtihani, 15 katika kila 100, walilipiwa shilingi 500 kwa mwaka shuleni kwao, na jamaa zao wakapewa shilingi 1,000 kwa vifaa vya masomo. Zawadi hizo zilitolewa katika mkutano, mbele ya wazazi, walimu, wanafunzi na wakubwa wa mahali. Wataalamu watatu, Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton, walichunguza matokeo yake na kuyachapisha mwaka 2009. Katika Busia waliona kwamba alama za wasichana zilipanda, na walimu wakahudhuria kazini zaidi. Hata wavulana, ambao hawakuwa na haki ya kupata zawadi ile, walionyesha dalili za kuendelea mbele. Mahali ambapo mtoto, mzazi na mwalimu walitazama jambo moja kwa wakati mmoja, faida ilivuka hata kwa wasiotarajiwa kuipata.

Lakini katika Teso mambo yalikuwa mengine. Mwezi wa Juni mwaka 2001 radi iliipiga shule moja ya msingi huko ikaua watoto 7. Baadhi ya watu, katika uchungu wao, walilihusisha shirika lile na msiba huo. Shaka ikaenea, na baadhi ya shule zikajitoa katika mpango. Huko matokeo hayakuonekana kama yalivyoonekana Busia. Usiwacheke wazazi hao. Mtu aliyefiwa na mtoto hutafuta sababu, na asipokuwa na mtu wa kumwamini huishika sababu iliyo karibu. Kisa hiki chatufundisha kwamba fedha na mitihani ni mbegu, lakini imani kati ya watu ndiyo udongo. Na imani haipandwi siku ya msiba. Hupandwa kabla, katika siku za kawaida, kwa salamu, kwa kutembeleana na kwa kusema kweli.

Sheria yenyewe imelitambua jambo hili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 iliweka chama cha wazazi katika kila shule, na kila mzazi mwenye mtoto shuleni humo ni mwanachama. Lakini sheria yaweza kuwaweka watu katika chumba kimoja, isiweze kuwafanya wasikilizane. Mkutano ambao mzazi huitwa kusomewa deni la karo peke yake humfundisha kuuogopa mlango wa shule. Na mzazi ajaye shuleni siku ya ugomvi peke yake humfundisha mwalimu kumwogopa mzazi.

Labda utaniambia, "Mwalimu, mzazi wangu hakusoma, atanisaidia nini?" Nakujibu kwamba msaada mkubwa wa mzazi hauhitaji hesabu wala Kiingereza. Aweza kukuachia saa moja ya jioni isiyo na kazi. Aweza kukuuliza, "Leo ni jambo gani hukulielewa?" na kukaa kimya akakusikiliza ukilieleza. Aweza kuufahamu uso wako, akajua kabla ya mwalimu yeyote kwamba una huzuni. Mama auzaye sokoni Busia kwa fedha za nchi mbili, akabadilisha shilingi ya Kenya kwa ya Uganda kichwani mwake bila ya kalamu, si mtu wa kudharauliwa katika mambo ya akili.

Sasa nageuka kwako wewe, kwa sababu insha hii ni yako kuliko ya wazazi na walimu. Wanaoishi mpakani wanazijua njia za panya, zile njia za vichakani zipitwazo usiku na mizigo isiyotaka kuonekana. Kati ya nyumba na shule pia zimo njia za panya, nawe wazijua zaidi yangu. Ni barua isiyofika, ripoti iliyobadilishwa tarakimu, fedha ya kitabu iliyonunua kitu kingine, na maneno "mwalimu alisema" ambayo mwalimu hakuyasema. Azipitaye njia hizi hudhani kuwa amewashinda wakubwa wawili. Kwa kweli amejinyima walinzi wawili, na siku atakapoanguka vichakani hapana atakayejua mahali pa kumtafuta.

Hata hivyo, sikuambii uyatangaze mambo yote ya nyumbani kwenu. Nyumba ina stara yake, na mtoto mwenye heshima huilinda. Lakini siri na uongo ni vitu viwili. Siri hulinda heshima ya mtu. Uongo huficha haja yake. Huna lazima ya kumweleza mwalimu jinsi mlivyokosa fedha, yatosha kumwambia, "Mwalimu, asubuhi nina kazi nyumbani, naomba tuone namna ya kufanya." Wala huna lazima ya kumweleza mzazi kila neno la darasani, yatosha kumwambia, "Somo hili limenishinda, naomba uje uonane na mwalimu." Maneno machache ya kweli, yaliyosemwa mapema kwa mtu mmoja unayemwamini, yangaliweza kumwokolea mvulana yule saa nyingi za hesabu.

Lori halina hiari. Hupelekwa, hukaguliwa, husukumwa. Wewe si lori. Wewe ni msafiri mwenye ulimi na akili, na katika watu wote wa nyumbani kwenu na wa shuleni kwenu, wewe peke yako ndiye uvukaye mpaka ule kila siku. Wazazi wako na walimu wako wana wajibu wa kukutana, na wakishindwa watajibu kwa kushindwa kwao. Lakini habari za huku na za huko unazo wewe. Kesho asubuhi utavuka tena. Angalia ulichobeba, ukipitishe barabarani, mchana, palipo na watu.