Je, Kila Kilichosalia Ndicho Bora?

Tumeletewa barua na ndugu yetu mmoja, mtu wa Pwani anayekaa Nyansiongo, huko kwenye milima ya chai ya Nyamira, kwa ajili ya biashara yake. Atutaka tumjibu maswali yaliyozuka barazani kwake juu ya lile jambo ambalo wataalamu wa viumbe huliita mageuko, yaani kubadilika kwa viumbe kizazi baada ya kizazi. Lililoyazusha maswali hayo ni mtoto. Katika jamaa zake pana mtoto mwenye maradhi ya selimundu, na watu wa upande wa baba wamekwisha kusema kwamba damu mbaya imeletwa na mama, na kwamba afadhali arudishwe kwao. Kisha kijana mmoja aliyesoma kidogo akaongeza ya kwake: kwamba maumbile huwaondoa walio dhaifu ili wabaki walio bora, basi sisi tuna haki gani ya kushindana nayo?

Wako wanaolikataa jambo hili la mageuko bila ya kujua lasema nini, na wako wanaolikubali bila ya kujua lasema nini. Hawa wa pili ndio tunaowaogopa zaidi.

Ndugu yetu auliza kwanza: watu wa milimani wakishuka Mombasa kufanya kazi hulazwa na homa ya malaria, na mzee wa Kilifi aumwapo na mbu yule yule huenda asilale hata siku moja. Je, si dalili kwamba watu wa Pwani wamejibadilisha damu kwa kuizoea homa? Twasema hapa yamechanganywa mambo mawili. Liko zoea ambalo mwili hulipata kwa kuugua mara nyingi tangu utotoni. Hilo ni mali ya mwenyewe, hamrithishi mwanawe. Na akikaa miaka mingi mahali pasipo homa, humpungukia. Ndiyo sababu milipuko ya malaria iliyoingia katika milima ya Kisii miaka ya 1990 iliwaangusha watu wazima pamoja na watoto, kwani wote walikuwa wageni wa maradhi hayo. Zoea hilo si mageuko.

La pili ndilo mageuko, nalo limo katika urithi. Kila mtu hupokea nakala mbili za maandishi ya mwili wake, moja kwa baba na moja kwa mama. Na kila mwenye kuzijua tenzi zetu za kale zilizonakiliwa kwa mkono ajua kwamba nakala hazilingani: hapa harufi imeruka, pale neno limegeuka, na mwandishi hakukusudia. Vivyo hivyo, zamani sana, harufi moja iligeuka katika sehemu ya urithi inayoamrisha kutengenezwa kwa wekundu wa damu. Haikugeuka kwa kuwa malaria ilikuwapo, wala kwa kuwa mtu aliomba kinga. Iligeuka tu. Aliyeirithi nakala moja yenye kosa hilo huishi kama watu wengine, na malaria kali humpata kwa nadra. Aliyezirithi mbili, chembe zake nyekundu hujipinda kama mundu, zikaziba njia ya damu, na hayo ndiyo maradhi ya huyu mtoto.

Mwaka 1949 alikuja Kenya mwanafunzi wa Oxford, Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, akakusanya damu za watu wa nchi nzima. Aliona kwamba katika makabila ya karibu na Pwani na ya karibu na ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na nakala moja ya selimundu, na katika watu wa nyanda za juu hawakufika hata mmoja. Mwaka 1954 alieleza sababu: penye malaria nyingi, watoto wenye nakala moja walisalia zaidi ya wenzao, wakakua, wakazaa. Hakuna mtu aliyebadilika tangu kuzaliwa kwake hadi kufa kwake. Kilichobadilika ni hesabu ya watu wa namna hii na wa namna ile.

Wengine huuliza kama jambo hili laweza kuonekana kwa macho ya mtu mmoja katika umri wake. Laweza, tena tumeliona. Dawa ya klorokwini iliponywewa kila nyumba, iliviua vimelea vya malaria vilivyo vyepesi kufa, vikabaki vile vichache vilivyoweza kuistahimili, na vilivyobaki ndivyo vilivyozaa. Kenya iliiacha dawa hiyo mwaka 1998 kuwa dawa ya kwanza ya malaria, na Malawi ilitangulia mwaka 1993. Huko Blantyre, mwaka 1992 vimelea vyenye alama ya ustahimilivu vilikuwa 85 katika 100. Mwaka 2000 vilikuwa 13. Mwaka uliofuata havikuonekana. Dawa ilipoondoka, ubora wao ukaondoka nayo.

(Ama swali la kuwa mtu ni mtoto wa nyani, tumelisikia mpaka tumechoka. Hakuna mtaalamu asemaye kwamba nyani wa leo alimzaa mtu. Wanalolisema ni ujamaa wa asili ya mbali, kama binamu na binamu, nao hutoa mifupa kuwa ushahidi, kama fuvu la kale lililofukuliwa kisiwani Rusinga mwaka 1948. Vipi hayo yakae pamoja na habari za Nabii Adamu, wanavyuoni wana kauli zao, na si barua hii itakayoyamaliza.)

Sasa turudi kwa yule kijana. Neno "bora" amelipata wapi? Maumbile hayana jicho la kuchagua. Husemwa yachagua kwa kuazima neno tu. Kusalia maana yake ni kusalia mahali fulani, wakati fulani. Harufi ile ile iliyomwokoa mtoto wa Kilifi haimfai kitu mtoto azaliwaye penye baridi na mbu wachache. Na ikiwa kila kilichosalia ni bora, basi na asifu vile vimelea vilivyoishinda klorokwini na kuwaua watoto wetu. Bahari huila nchi kila mwaka, wala hatujasikia mtu wa Lamu akisema kwamba kwa hivyo kujenga ukuta wa gati ni makosa. Kujua jambo hutukiaje ni elimu moja, na kujua lipasalo kutendwa ni nyingine.

Na watu wa upande wa baba twawaambia hivi. Mtoto hapati maradhi hayo mpaka apokee nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina sehemu moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa, na mimba iliyotangulia haiipunguzii inayofuata. Damu wanayoiita mbaya imo nyumbani mwao pia. Na huenda babu wa babu yao aliiponea malaria kwa sababu yake, na lau si hiyo wao wasingekuwapo leo kumlaumu mke wa watu. Kinga waliyoirithi wazima hulipwa na mtoto huyu kwa maumivu yake.

Basi baba na mama na wapimwe damu pamoja, na wanaotaka kuoana vilevile kabla ya ndoa. Na mtoto asiachwe kwa kudhaniwa kwamba selimundu yamkinga, kwani mwenye nakala mbili malaria humuua upesi: apewe dawa ya kumlinda na malaria, na penisilini angali mdogo, kama daktari atakavyoamuru. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto waliopewa haidroksiurea. Maumivu yalipungua, kuongezwa damu kulipungua, na vifo vilipungua. Ndugu yetu na aulize dawa hiyo katika hospitali kubwa iliyo karibu naye, na amchukue baba wa mtoto waende pamoja.