Makaa ya Mishkaki

Kisiwa chetu hakina mto. Sehemu ya maji ya mfereji hutoka Baricho, kwenye visima vya kando ya Sabaki, mto unaoanzia karibu na Nairobi kwa jina la Athi na kupita Ukambani. Mfereji ukikauka, sisi wa Mji wa Kale tunasubiri mkokoteni wa mitungi na kulaumu watu wa bara: wamekata miti.

Kuna ukweli. Ardhi ikibaki uchi, mvua haizami. Inateremka kwa kishindo na udongo wake, kisha kiangazi mto unanywea. Na mvua zenyewe siku hizi ama hazinyeshi ama ni gharika. Ya 2024 tuliyaona.

Lakini juzi usiku, nikila mishkaki barazani, nilimuuliza mchomaji makaa yake yatoka wapi.

"Ukambani," akajibu, akipepea. "Kwani wewe wadhani yatoka baharini?"

Nikacheka. Kisha nikawaza: mkata miti anamuuzia nani, kama si mimi? Yeye anatafuta karo na unga. Mimi nina hamu tu. Deni la nani kubwa?

Mishkaki sijaacha, sitadanganya. Ila bei ya mtungi ikipanda, siwezi tena kusema "wale wa bara" bila kujihesabu.