Kuiga na Kubuni

Swali la kuiga na kubuni ni la kale, nasi twapenda kulitazama kwa mfano ambao wengi huudharau. Mfano huo ni sinema za vijana za Marekani: zile za kuchekesha, zihusuzo maisha ya shule, na zile za kutisha, ambamo muuaji aliyeficha uso huwaandama vijana mmoja baada ya mwingine. Wapo wasemao kwamba zote ni nakala za nakala, hivyo hazistahili kuitwa sanaa. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Mwaka 1978 John Carpenter alitoa Halloween, filamu iliyogharimu yapata dola 300,000 tu, nayo ikaleta faida kubwa mno. Mwaka 1980 ikafuata Friday the 13th, ambayo mwongozaji wake hakuficha kwamba alifuata nyayo hizo. Lakini Carpenter naye alikuwa na waliomtangulia. Kabla yake palikuwa na Black Christmas ya 1974, na kabla ya hiyo Psycho ya Alfred Hitchcock ya 1960, iliyotokana na riwaya ya Robert Bloch. Basi amtafutaye mbunifu asiye na mwalimu atatafuta mpaka achoke.

Kumbe tofauti haiko katika kuchukua, bali katika kile kifanywacho na kilichochukuliwa. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia Psycho karibu picha kwa picha, na wengi waliuliza kazi hiyo ilikuwa ya nini. Miaka 3 kabla yake Amy Heckerling aliichukua Emma, riwaya ya Jane Austen ya 1815, akaihamishia kwa vijana matajiri wa Beverly Hills katika Clueless. Kisa ni cha kale, lakini usemi, mavazi na majivuno ni ya vijana aliowasikiliza mwenyewe. Mcheza kwao hutunzwa. Naye Wes Craven, katika Scream ya 1996, aliwafanya wahusika wazitaje waziwazi kanuni za filamu za kutisha. Deni likakiriwa mbele ya watu, na kukiri huko kukawa ndiyo sehemu ya ubunifu wake.

Sisi watunga mashairi hatuna haki ya kuwacheka. Mizani 16 ya mshororo hatukuibuni. Tumeirithi, kama tulivyorithi vina. Katika ujana wetu tulipata kutunga shairi la arusi ambalo mawazo yake yote tuliyachukua kwa mzee mmoja wa mtaani petu. Watu walitusifu, nasi tukanyamaza. Mzee yule alikuwapo. Hakusema neno, alitutazama tu. Mizani hatukumwibia, maana hiyo ni mali ya wote. Tulichomwibia ni yale aliyoyaona yeye kwa macho yake, kisha tukamnyima hata shukrani.

Kwa hiyo twaona kwamba kuiga si aibu. Mtoto hujifunza kusema kwa kuiga, na taifa hujenga utamaduni wake kwa kupokea na kuongeza. Aibu ni mbili: kupokea bila kuongeza, na kuongeza bila kumtaja aliyetupa. Mtunzi kijana na achukue atakacho, mradi atuonyeshe alichokiona mwenyewe, na asiogope kusema, "Hapa nilifundishwa na fulani." Sisi tulichelewa kulisema neno hilo, na mzee wetu hayupo tena kulisikia.